Mkojo Uliokuwa Safi Mno

Nianze na upumbavu wenyewe, maana hapa kwetu Mbuba hata watoto wa chekechea wanausimulia: niliambiwa nipeleke mkojo wa mbwa, nikapeleka wangu.

Wala sikuteleza. Siku hiyo mbwa aliachwa nje makusudi, nikamfuata asubuhi nzima na chupa ya dawa ya kikohozi ambayo mama alikuwa ameichemsha. Nikiinama, anakaa. Nikisogea, anahama. Akichuchumaa yanatoka matone mawili, na chupa ikimgusa anaruka kama kakanyaga kaa la moto. Jua likapanda, na mimi nilikuwa na mechi. Basi nikazunguka nyuma ya mgomba, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikamalizia kazi kwa niaba yake. Chupa ikajaa hadi shingoni. Nikaifuta kwa jani kavu, nikaikimbiza kwa bwana mifugo nikiwa nimevaa uso wa mtu aliyehangaika.

Bwana mifugo wa kata yetu ni mwanamke, tena kijana. Watu wanamwita bwana mifugo hivyo hivyo, naye ameshachoka kukataa. Alichovya kijiti chake cha karatasi chenye vibandiko vya rangi, akakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo, akakunja uso, akachovya kingine.

"Huu mkojo ni safi," akasema. "Safi kabisa. Una uhakika ni wa yule mbwa?"

"Ni wa kwake, shikamoo," nikajibu. Nilikuwa nimeshamwamkia wakati naingia, lakini woga ukiniingia mimi huamkia upya.

"Basi kibofu hakina shida. Labda ni tabia tu."

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima, hadi nilipomkuta baba uani ananoa jembe.

"Kasemaje?"

"Kasema ni safi."

Baba akaacha kunoa. "Kumbe haumwi. Ni dharau. Haya, maharage mapya yakianikwa yakakauka, kabla hayajaingia ghalani, huyu anakula nyama yake ya mwisho."

Nyama ya mwisho kwetu haihitaji maelezo. Ni nyama nzuri tu, kuliko niliyowahi kuwekewa mimi kwenye sahani, isipokuwa ndani yake kuna sumu.

Hapo ndipo kicheko kilipoisha.

Nimweleze huyo mbwa. Alikuwa jike, hajatimiza mwaka, mwenye rangi ya ugali wa mtama na sikio moja lililokataa kusimama. Jina hakuwa nalo. Baba alisema jina ni kama cheo, mbwa apewe akishafanya kazi. Na kazi aliifanya kwa sheria ambayo sidhani kama kuna aliyewahi kuiuliza maswali: mbwa wa ulinzi hafunguliwi mchana. Akizoea sura za watu, anakuwa mpole, na mbwa mpole ni mgeni mwingine wa kulishwa. Kwa hiyo kila alfajiri baba anamtupia ugali ndani ya banda, anashusha komeo, anatia kufuli, anaweka ufunguo mfukoni. Giza likiingia anamfungulia, naye analala mlangoni mwa ghala.

Ugonjwa ulianzia hapo ghalani. Akaanza kukojoa ndani, mara kwa mara, kidogo kidogo, mkojo wenye harufu kali. Baba akapita duka la dawa pale Benaco, akanunua vidonge vya rangi mbili. Muuzaji hakuuliza chochote zaidi ya kama mbwa ni mkubwa au mdogo. Tukamfichia kidonge ndani ya dagaa, na baada ya siku chache akawa mzima. Vilivyobaki hatukuviacha vioze. Kuku walikuwa na mdondo, kwa hiyo mama alivifungua akawachanganyia kwenye maji. Kuku wakafa vilevile, isipokuwa mmoja, ambaye hadi leo anatembea kama daktari.

Mbwa akaumwa tena. Vidonge tena, akapona tena, vilivyobaki kuku tena. Mara ya tatu alikojolea gunia la mbegu za mama, yale maharage ya njano anayoyachagua punje moja moja kwa mkono. Yakavimba, yakachipua ndani ya gunia. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini akachagua yaliyonusurika, halafu akatoa uamuzi wake: asiyekunywa hakojoi. Tukampunguzia mbwa maji. Akazidi.

Ndiyo maana bwana mifugo aliposikia habari alikataa kutaja dawa kwa kubahatisha, akataka mkojo. Na mkojo ukaenda. Wangu.

Sasa jaribu kukaa ndani ya ngozi yangu. Nikisema ukweli, baba ananichapa, hilo nimelizoea. Shida ni kwamba hataamini. Mimi ndiye niliyewahi kumwambia mwalimu wa zamu kwamba nimefiwa na bibi, kumbe bibi yupo sokoni, na huyo mwalimu akaenda kununua ndizi kwa marehemu. Nikisema "ule mkojo ulikuwa wangu," nyumba nzima itasema namtetea mbwa kwa uongo mpya. Nikinyamaza, maharage yanaendelea kukauka. Kila siku yenye jua kali, ambayo watu wote kijijini walikuwa wanamshukuru Mungu, mimi nilikuwa naiangalia kama adui. Niliomba mvua wakati wa kuanika. Kwetu hiyo ni sawa na kumwombea mtu njaa.

Nikaona njia ni moja tu: nipate mkojo wa mbwa wa kweli, niupeleke kimyakimya, niseme mtihani urudiwe.

Nilifanya mpango wa kisomi. Nikaichemsha chupa mwenyewe, nikachukua kisahani cha bati cha kusogeza chini ya mbwa, na alfajiri, kabla baba hajatoka, nikaingia bandani nikajikunyata gizani nyuma ya mlango. Mbwa akaja kufuata ugali wake, akaninusa goti, akaniacha. Nikasikia hatua za baba. Ugali ukaingia, tap. Mlango ukafungwa. Komeo. Kufuli.

Ningeweza kuita. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini ukiwa umechutama kwenye banda la mbwa na chupa mkononi, salamu tu haitoshi, lazima utoe maelezo, na maelezo yangu yalianzia kwenye ile chupa ya kwanza. Wakati natafuta uongo wa kufaa, nikasikia baiskeli inasukumwa kwenda barabarani. Ndipo nikakumbuka: baba alikuwa anakwenda Nyamahanga, kwa mdogo wake, na angerudi jioni. Ufunguo ulikwenda naye. Mama na dada yangu walikuwa wameshateremka bondeni kung'oa maharage.

Nikaita. Nikapiga mbao. Mbwa akanitazama kama mfungwa wa zamani anavyomtazama mgeni.

Banda lile nilisaidia kulijenga, na nilikuwa najisifu nalo. Mbao nene, nguzo za mkaratusi, bati la zamani juu. Kusimama wima haiwezekani. Kulala unaweza, ukikunja miguu, na mbwa akikubali. Kuna ufa mmoja kati ya mbao, na kwenye ufa huo dunia yangu ilikuwa nusu ya kinu, kipande cha kamba ya nguo na, mara mojamoja, yule kuku daktari akipita kuangalia wodi.

Mbwa hakugusa ugali. Aliinuka, akaenda kwenye kona ya mbali kabisa, akachuchumaa. Akakamua. Matone. Akajilamba, akarudi, akalala. Kabla hajatulia akainuka tena, kona ileile, matone. Sikuwa nimewahi kumwangalia hivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye bandani mchana. Mbwa wa dharau asingeenda kwenye kona ileile kila mara, akakwepa majani anayolalia. Huyu alikuwa anajitahidi. Nikasogeza kisahani. Safari hii hakuruka, nadhani hakuwa na nguvu za kuruka. Nikakinga, nikamimina chupani, nikakinga tena. Ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha, na ndani yake kulikuwa na nyuzi nyekundu. Kopo lake la maji lilikuwa kavu, na ndani buibui alikuwa ameshafunga mitego.

Bati likaanza kuwaka. Na mimi, ambaye kabla ya kuingia nilikunywa vikombe viwili vya uji ili niwe na subira, nikaanza kuhisi uji unadai njia.

Usicheke. Au cheka, mimi ningecheka. Shuleni ukibanwa unainua kidole, mwalimu anakukatalia, unainua tena. Hapa nimwinulie nani kidole? Kona ya mbali ilikuwa ya mwenzangu. Kona nyingine ndiyo niliyokalia. Nilikuwa na chombo kimoja tu cha kufaa, chupa, na ndani yake kulikuwa na matone yaliyobeba uhai wa mtu mwingine, kama mbwa ni mtu, na saa hiyo alikuwa. Nikiongeza tone langu, nimerudi palepale. Nikabana. Nikaimba nyimbo zote za mchakamchaka. Nikahesabu misumari. Jasho likanitoka hadi kwenye kope. Mbwa akainuka, kona, matone. Nikamwambia, "Samahani." Sijawahi kumwambia mtu neno hilo bila kulazimishwa.

Mchana ulipokuwa umesimama, nikasikia ndara. Kwenye ufa nikaona kitenge cha jirani yetu, mama mdogo fulani wa ukoo wa mbali, anakuja kuazima ungo. Furaha ikanizidi, lakini adabu ya nyumbani haikuniacha.

"Shikamoo, mama mdogo!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu, anaangalia jikoni. Akaangalia nyuma. Akaangalia juu ya mpapai. "Uko wapi?"

"Huku! Bandani kwa mbwa!"

Na mbwa, ambaye siku nzima hakutoa sauti, akaamua kubweka saa hiyohiyo.

Sikumwona akiondoka. Niliona ndara moja imebaki kando ya kinu.

Alikimbia hadi bondeni kwa mama, na dada yangu ndiye aliyenisimulia baadaye. Alifika anahema, akasema, "Dada, mbwa wenu kaniamkia. Kwa Kiswahili."

Mama akamuuliza, "Na wewe ukaitikia?"

"Nikaitikia!"

"Basi huyo si mbwa," mama akasema, akachukua jembe. "Huyo ni mwanangu."

Nilimsikia akifika. Hakuharakisha. Akaja akasimama mbele ya ufa, nikaona kipande cha kanga na ncha ya jembe.

"Umeingiaje humo?"

"Mama, naomba kwanza nitoke."

"Nimekuuliza umeingiaje."

"Kwa mlango. Mama, nimebanwa, nakufa."

"Huwezi kufa, wewe ni mwongo, waongo wanaishi sana. Unafanya nini na mbwa?"

Pale ndipo nilipojua kuna kufuli mbili, ya baba na ya mama, na ya mama inafunguliwa kwa maneno tu. Nikasema yote. Chupa, mgomba, mechi, kijiti cha karatasi, "safi kabisa." Nilisema haraka, miguu nimeisokota kama kamba, bila kupamba hata kidogo. Nadhani ndicho kilichomfanya aamini: hakujawahi kutoka kinywani mwangu hadithi fupi namna ile.

Ncha ya jembe ikasogea. "Kwa hiyo mkojo uliopimwa ulikuwa wako."

"Ndiyo, mama."

"Ukawa safi."

"Ndiyo."

"Angalau tumejua hilo." Akaingiza jembe nyuma ya komeo, akabinya, misumari ikalia, mlango ukafunguka.

Mbwa alitoka kwanza, mimi nikamfuata, na siwezi kusema kwamba nilifika kwenye mgomba nikiwa mkavu kabisa. Suruali ilijua ukweli. Lakini mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mbwa, kwenye mwanga wa mchana, akichuchumaa, akikamua, akisogea hatua moja, akichuchumaa tena, mgongo umepinda.

"Hiyo naijua," mama akasema polepole. "Nilikuwa nayo wakati wa mimba yako. Unadhani kibofu kimejaa, kumbe hakuna kitu, ni moto tu." Akachungulia lile kopo kavu bandani. "Na sisi tukamnyima maji."

Aliingia ndani, akatoka na bakuli lake la kuoshea mchele, akalijaza maji, akaliweka chini. Mbwa alikunywa hadi akakohoa.

Alasiri hiyohiyo tulikwenda kwa bwana mifugo sote watatu, mbwa akiwa na kamba, mimi nikiwa na suruali nyingine na ile chupa mkononi. Kijiti kikabadilika rangi karibu kila kibandiko. Bwana mifugo akanitazama kwa muda mrefu. Sikumwamkia tena.

Akamminya mbwa tumboni kutafuta mawe ya kibofu, hakuyapata. Akamkagua kule nyuma, akamwonyesha mama kwamba ngozi ilikuwa imekunjamana na kufunika njia ya mkojo, uchafu unajikusanya. Akasema majike wadogo wengine wako hivyo, na akishaingia kwenye joto la kutaka dume mara ya kwanza huenda pakafunguka, mpaka hapo asafishwe na kukaushwa. Kisha akauliza maswali. Anafungiwa muda gani? Kutwa. Anakunywa kiasi gani? Tulimpunguzia. Vidonge alimaliza? Mama akasema vilivyobaki walipewa kuku.

"Kuku," bwana mifugo akarudia.

"Walikuwa na mdondo."

"Mama yangu, mdondo hausikii vidonge vile. Na wale vijidudu wa kwenye kibofu mmewachapa nusu mkawaachia. Wameshaizoea fimbo."

Mimi nilielewa haraka, maana na mimi fimbo nimeizoea.

Alimchoma mbwa sindano tumboni, moja kwa moja kwenye kibofu, akavuta mkojo ambao haukupita popote, akauweka kwenye boksi la barafu ukasafiri na basi kwenda maabara kubwa, ambako vijidudu wanaoteshwa na kujaribiwa dawa moja baada ya nyingine. Jibu liliporudi kwa simu lilikuwa vile alivyosema: vidonge vya rangi mbili haviwafanyi kitu. Akatoa dawa nyingine, akasema apewe mpaka iishe hata akionekana mzima, anywe maji anavyotaka, na mchana afunguliwe kila anapohitaji. Halafu dawa ikiisha, apumzike siku kadhaa, mkojo upimwe tena. Kupona kwa macho hakuhesabiki.

Baba alipinga hilo la kufunguliwa kuliko yote. "Atazoea watu!"

"Kanizoea mimi kutwa nzima," nikasema, "na bado ananidharau."

Alinikata jicho. Adhabu yangu nilishaipata, na nisingependa kuieleza kwa sababu ninaandika nimekaa. Lakini baba ana neno moja. Akasema atasubiri dawa iishe. Ukipimwa ukiwa mchafu, nyama. Na akaongeza: mkojo wowote utakaopita mikononi mwangu si mkojo, ni siasa.

Kwa hiyo nilizungukwa tena. Dawa niliitoa mimi, banda nililifungua mimi, maji niliweka mimi, nikamwona anachuchumaa mara moja, kwa muda mrefu, akamaliza na kwenda zake. Lakini kushika chupa sikuruhusiwa. Dada yangu alikataa, akasema yeye si mwehu. Baba hawezi kuinama nyuma ya mbwa, watu wapite wamwone. Nikakaa nahesabu dawa zilizobaki kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliofanyiwa na mwingine. Maharage yalikuwa yamekauka kwenye turubai, yamefunikwa, yanamsubiri mbwa.

Siku ya kupima bwana mifugo alikuja mwenyewe na pikipiki. Juu ya kinu palikuwa na chupa, imejaa nusu, ina kifuniko. Sikujua imetoka wapi. Niliapa moyoni kwamba si mimi, na hata moyo wangu haukuniamini.

Akachovya kijiti. Akasubiri. Akachovya kingine. Mbwa alikuwa amelala chini ya kamba ya nguo, sikio moja juu, moja chini, hajui kitu.

"Safi," bwana mifugo akasema. "Safi kabisa."

Baba akacheka, cheko baya. "Hata safari ile ulikuwa safi kabisa." Akanigeukia. Dada akanigeukia. Bwana mifugo akanigeukia, kijiti mkononi. "Huu ni wa nani?"

"Baba, kweli tena, mimi sija—"

"Ni wa nani?"

Maneno yangu yote ya kweli yalifanana na yale ya uongo, sare moja, kama wanafunzi mstarini.

Mama alikuwa jikoni, anapepeta. Akatoka na ungo mkononi, akapita katikati yetu, akakaa kwenye kigoda, akaendelea kupepeta. Na alichosema, neno kwa neno, ni hiki:

"Ni wa mbwa. Nimeukinga mwenyewe alfajiri, kwa upawa. Na mchuzi wa leo mtamiminiwa moja kwa moja kutoka kwenye sufuria."